Abiria wa Njia ya Ghala

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai yenye sukari ya kutosha, najiuliza ninaombwa nini. Sikuzaliwa hivyo, nilifunzwa. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa mjini Migori, na alipofariki baba zangu wadogo walikuja matangani na tende na machozi. Wakakaa mpaka arobaini, na arobaini ilipopita duka likawa lao. Mama alitoka na cherehani, baiskeli ya baba na mimi. Tulihamia mji mdogo wa ziwani upande wa Homa Bay, mji ambao siutaji kwa sababu baadhi ya ninaowasema wangali hai na wanapenda kesi. Mama akapanga chumba chenye baraza mbele, akauza leso na kushona sare za shule, na tangu hapo hakumwamini mtu yeyote anayelia huku ameshika kitu cha kula.

Nilipomaliza shule nikakosa kazi, mama alinipa baiskeli ya marehemu. Niliitia keria pana, nikaifunga mto wa sponji juu yake, nikaingia boda. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, boda ikiwa bado ni ya kukanyaga kwa miguu. Barabara kubwa ilikuwa ya malori ya samaki, na malori hayo yalikimbizana na barafu isije ikayeyuka. Hayakumjali mtu wa pedali. Wenzetu waliingizwa mtaroni mpaka tukachoka. Ndipo sisi wenyewe, kwa tairi zetu, tukachonga njia nyingine kutoka ufukweni hadi sokoni, ikipita nyuma ya ghala la pamba lililofungwa. Kanjo, yaani baraza la mji, walipoiona imekuwa njia kweli walisimamisha vigingi magari yasiingie, wakapigilia kibao kilichoandikwa NJIA YA BAISKELI. Tulijivunia kibao kile kana kwamba ni cha majina yetu.

Baraza la ghala lilikuwa na paa zuri la mabati, na chini ya paa lile walilala watu. Alikuwapo mzee mmoja aliyeongea na ukuta, walikuwapo wapagazi wa ufukweni ambao hawakuweza kupanga chumba, na alikuwapo mwanamke wa miaka kama thelathini, mrefu, asiyecheka ovyo. Yeye alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki minofu ikishapelekwa kiwandani. Watu walimwita nyar Kasipul, yaani binti wa Kasipul, kwa sababu alizaliwa huko karibu na Oyugis. Kila baiskeli ilipokaribia kona yake, aligonga karai kwa kijiko. Ko, ko, ko. Mimi nilikishuku sana kijiko kile.

Nilikuwa na sababu. Pale konani maji ya paa yalifanya tope, hivyo kila mtu alipunguza mwendo, na hapo ndipo mizigo ilipoanza kuvutwa kutoka kwenye keria. Ukifika sokoni unakuta kamba imekatwa na gunia la dagaa wa omena halipo. Abiria walitushuku sisi, sisi tukawashuku watu wa ghala, na watu wa ghala wakashukiana wenyewe kwa wenyewe. Kisha siku moja mtu alifunga kamba kukatiza njia, na mwalimu wa kike aliyebebwa na mwenzetu alirushwa akavunjika mkono. Mji ukachemka. Akina mama waliapa hawatapanda boda tena, na kwetu hilo lilikuwa njaa.

Diwani akaitisha baraza kwenye uwanja wa soko. Mji mzima ulikuja, hata watu wa ghala wenyewe wakakaa nyuma kabisa. Katekista mmoja alisimama akasema ghala lenyewe li tupu, kwa nini wasifunguliwe mlango walale ndani, na taa itundikwe pale konani? Diwani alicheka, cheko la mtu aliyeulizwa swali alilolingojea.

"Katekista, wewe ni mtu ya hapa ama wewe ni mgeni? Asiye na kwao ni mambo ya Nairobi. Hapa kila mtu iko na dala. Iko na mahali kitovu yake imezikwa na mahali yeye mwenyewe atazikwa. Hawa si watu hawana kwao. Hawa ni watu wamekataa kwenda nyumbani!"

Makofi yalilipuka. Nilitazama nyuma nikaona kitu ambacho sijakisahau: watu wa ghala nao walikuwa wakipiga makofi, tena kwa nguvu. Hakuna aliyetaka kuonekana ndiye asiye na dala. Nyar Kasipul peke yake alikuwa ameiweka mikono yake magotini.

Ikapitishwa hivyo. Kila mtu wa ghala abebwe kwa boda mpaka kwao, kwa gharama ya kanjo, na njia itakuwa salama. Mimi nilishuku hapo hapo. Serikali ikikulipia safari bila kuombwa, angalia inakupeleka wapi.

Asubuhi ya safari tulipanga baiskeli mbele ya ghala. Wenzangu walichagua haraka: huyu wa karibu, huyu mwepesi, yule mzee wa ukuta naye akachukuliwa. Kufumba na kufumbua alibaki nyar Kasipul, amesimama na karai na blanketi lake, na waendeshaji wote waliobaki ghafla wakawa wanakagua minyororo yao.

"Omera, ndugu yangu, beba wewe," mmoja akaniambia bila kuinua kichwa.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe ni Mwislamu. Chira haikujui."

Chira nilikuwa nimeisikia sokoni. Ni ule mkosi unaompata mtu aliyevunja mila, akakonda mpaka akaisha. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa dukani. Dholuo yangu ilikuwa ya kupimia kitambaa na kubishania nauli. Mambo ya ndani ya boma la mtu sikuyajua. Nikauliza amevunja mila gani, na wote wakasema, "Aa, beba tu, iko sawa." Mtu akikuambia iko sawa huku hakutazami usoni, jua haiko sawa. Lakini karani wa kanjo alikuwa anangoja na abiria alikuwa ameshapanda.

Safari ilikuwa ya kuelekea upande wa Asumbi, alikoolewa, milima mitupu. Abiria wa boda anakaa nyuma yako, humwoni. Nilijaribu kumchunga kwa kivuli chake kando ya barabara, nione kama mkono utaelekea mfukoni mwangu. Mkono haukuelekea popote. Kila tulipofika mwinuko aliteremka bila kuambiwa, akasukuma baiskeli kwa nyuma. Abiria hafanyi hivyo. Hilo nalo nikalitia katika hesabu ya mambo ya kushuku.

"Mama, kwenu wanajua unakuja?"

"Wanajua niko hai," akasema.

Tulipita misheni, tukaingia njia ya ng'ombe, tukafika boma lenye ua wa minyaa. Alitoka mama mkwe wake, bibi kizee mwenye kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yake shemeji, kaka wa marehemu mumewe. Nilitegemea waniulize ninadai nini. Badala yake shemeji alinitazama, akaitazama baiskeli, akamtazama nyar Kasipul na karai lake, kisha uso wake ukafunguka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu, ndugu. Karibu sana. Tumengoja."

Mlingoja nini? Nilipewa kiti chenye mgongo, kile cha wageni wa maana. Nikaletewa maji ya kunawa, ya vuguvugu. Kisha akaja mpwa wa shemeji na jogoo mkubwa na kisu, akavitia mikononi mwangu.

"Chinja mwenyewe," shemeji akasema, macho kwenye kofia yangu. "Tunajua nyinyi watu ya msikiti. Hatutaki ukule kitu inakusumbua roho."

Nikashuku zaidi. Nimekula kwa watu wengi, na wengi ni wema, lakini hakuna anayemkirimu mtu wa boda hivyo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nikachinja, kwa sababu kumkatalia mwenyeji jogoo ni matusi, nikakaa kwenye ukingo wa kiti, mguu mmoja ukielekea kwenye baiskeli. Nyar Kasipul hakukaribishwa kiti. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, anatazama mahali palipobaki vijiti vilivyoliwa na mchwa na mstatili wa udongo ulioota majani. Nikaelewa kwamba pale palikuwa nyumba yake.

Bibi kizee alikuwa anajifuta macho kwa kanga, analia huku ameshika bakuli la njugu. Nikamkumbuka mama.

Kuku akiwa motoni, shemeji akanyanyuka. Vijana wawili walikuwa wameshachimba shimo pale penye mstatili, na mmoja alileta nguzo iliyonyooka, mbichi, imemenywa vizuri. Walikuwa na nguzo tayari. Nguzo ile haikukatwa asubuhi hiyo.

"Ndugu, kabla chakula," shemeji akasema kwa upole, "tushikie hii kidogo. Weka tu kwa shimo. Sisi tutashindilia."

Kazi ya dakika, na mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu. Nikasimama na kunyoosha mkono.

"Usishike!"

Alikuwa nyar Kasipul. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Mawazo yangu yalikimbilia kwenye sumu na waya wa umeme, ingawa umeme haukuwepo.

"Kijana, ukishika hiyo nguzo umenioa," akasema. "Ama wamekuambia?"

Nikamtazama shemeji. Hakuona haya, nadhani alikuwa amechoka kuona haya. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: mwanamke aliyefiwa hawezi kujengewa nyumba mpaka mwanamume asimame badala ya marehemu, na mwanamume huyo ndiye anayeshika nguzo ya kwanza. Wanamwita jater. Bila yeye hakuna nyumba, na mwanamke asiye na jater haingii nyumba za watu wala hapiti katika mashamba yao, atawaletea chira. Kwa kawaida jater ni shemeji.

"Sasa wewe mwenyewe je?" nikauliza.

Akatazama chini.

"Mwambie," nyar Kasipul akasema. "Mwambie kaka yako alikufa aje. Alikonda, mwili ukaisha, ikabaki macho na kukohoa. Nyinyi wote mliona. Nyinyi wote mnaogopa, na mimi siwalaumu. Lakini ndiyo mnatafuta mtu wa nje, mtu hana ukoo hapa, akikufa msimlilie. Huyu ni mtoto ya mtu! Huyu ni dereva. Mimi ni abiria."

Siku zile ugonjwa huo watu waliuita kila jina isipokuwa lake. Yeye pia hakuutaja, lakini hakuna aliyekuwa hajaelewa. Nikapandwa na hasira, hasira ya kweli. Nilikuwa nimeshuku mfuko, kijiko na kivuli, na jambo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yangu linanipikia kuku.

Nyar Kasipul akapanda keria. Nyumba ilikuwa pale, nguzo mkononi mwa watu, shimo limechimbwa. Alichohitaji ni kunyamaza tu kidogo. Naye akapanda keria. Bibi kizee alitufuata mpaka langoni, akamwekea njugu ndani ya karai bila neno.

Njia ya kurudi nilimuuliza yote niliyokuwa nayo. Kwa nini asirudi kwa baba yake, Oyugis? Akasema binti aliyeolewa hana nyumba kwa baba yake, kaka zake walimpa chakula akala nje, wakamwonyesha barabara. Kwa nini asipange chumba mjini? Akasema mwenye nyumba akishajua, anamtoa.

"Na kijiko? Kwa nini unagonga karai tukifika kona?"

Akasema nyuma yangu, "Ndiyo msinigonge. Nyinyi watu ya boda hamna breki."

Nilicheka mpaka usukani ukayumba, na nadhani yeye pia alicheka, maana kivuli kilitikisika.

Tulifika kwenye njia yetu jua likielekea kuzama. Kanjo hawakupoteza muda. Baraza la ghala lote lilikuwa limejazwa matawi ya miiba, yale ya kuzungushia zizi la ng'ombe, kutoka ukutani hadi ukingoni, na mengine yalikuwa yameshaanguka njiani. Askari wa kanjo alikuwa amesimama chini ya kibao na rungu.

"Wewe! Mbona unarudisha mzigo? Hii mama ni ya nani?"

"Mimi si ya mtu," nyar Kasipul akasema. "Mimi ni abiria."

"Abiria wa kwenda wapi?"

Nilimngoja ajibu.  Nilihisi keria imekuwa nzito, kana kwamba ndiyo kwanza amekaa. Askari akapiga hatua, akamshika blanketi.

"Kwa mama yangu," nikasema. "Anakwenda kwa mama yangu." Nikakanyaga pedali kabla hajafikiri.

Mama alikuwa barazani anakunja leso za biashara. Alimtazama mgeni kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, akanitazama mimi, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa funguo mlangoni na kuzifunga kwenye ncha ya leso yake.

"Nani huyu? Umeoa?"

"Sijaoa, mama. Ilibaki kidogo."

Nikamsimulia. Alisikiliza huku mkono uko kwenye fundo la funguo. Nilipofika kwenye jogoo na kisu alisonya. Nilipofika kwenye nguzo aliacha kukunja. Mwishowe alimgeukia nyar Kasipul, ambaye alikuwa amesimama nje kabisa, hata kivuli cha paa hakijamgusa.

"Pita ndani, dada. Unywe chai."

"Hapana, mama. Mimi siingii nyumba ya mtu. Nitawaletea mambo mabaya."

Nilimwona mama anashuku. Nilidhani anashuku ujanja, lakini sivyo. "Mimi pia ni mjane," akasema. "Nilikaa eda, nikafungiwa chumbani, nikavaa nguo nyeupe mpaka nikazichukia. Kisha eda ikaisha, nikatoka. Yako inaisha lini?"

Nyar Kasipul alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa umbali wa mahali.

"Haiishi," akasema.

 Mama aliingia ndani, akatoka na mkeka wake, akautandika barazani. "Basi kama wewe huingii, mimi natoka." Wakala njugu za mama mkwe, mama akionja kwanza moja moja, maana mama ni mama.

Kwenye njia yetu ya baiskeli mizigo iliendelea kuvutwa vile vile, ingawa ghala lilikuwa na miiba tu, na miiba yenyewe ilitoboa tairi zetu mpaka tukarudi kwenye barabara ya malori. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi hajajulikana mpaka leo. Nina mtu wangu ninayemshuku, na bado tukikutana ananiita omera.

Nyar Kasipul akawa analala barazani kwetu juu ya mkeka ule, na mvua za masika zilipoanza kumpiga ubavuni, mama akaleta miti na mabati machache kupanua baraza liwe chumba chenye mlango wake, kisichoingiliana na nyumba yetu. Fundi alichimba shimo, kisha akasimama anafuta mikono kwenye suruali. Alikuwa mtu wa hapo, na alijua chumba kile ni cha nani. Akanitazama mimi. Nami nikaangalia baiskeli.

Mama alitutazama sote wawili kwa zamu. Kisha akakaza fundo la funguo kwenye leso yake, akaikumbatia nguzo, akaiburuta hadi shimoni.

"Mwanamke hashiki nguzo," nyar Kasipul akasema.

"Basi njoo uone," mama akasema. "Na wewe shika hapa chini, nzito hii."

Wakaisimamisha.